Mtunza Mbwa wa Malaba

Kama una Biblia karibu nawe, ifungue Injili ya Mathayo, mlango wa 15, kuanzia mstari wa 21, kisha uiweke kando. Tutaifikia.

Leo tunataka kuzungumza nawe juu ya mbwa na watu wanaowatunza. Tafadhali usizime redio. Twajua wengine mmekwisha kucheka, na wengine mnaulizana kama watu wa kipindi hiki wameishiwa na maneno. Hata sisi tulicheka siku moja, na kicheko kile ndicho kilichotuleta hapa.

Ninyi mnaoijua Malaba mwafahamu usiku wake. Malori hupanga foleni kuelekea mpakani, yametoka Mombasa na Nairobi na shehena za kwenda Uganda, Rwanda, Sudani Kusini na Kongo. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva walipokuwa wakingoja kupimwa, foleni ilikuwa ya kilomita nyingi, na mtu alilala ndani ya lori lake barabarani siku baada ya siku. Busia nayo, upande wa kusini, ina pilikapilika zake. Watu husema kwamba huku mpakani ndiko lilikozaliwa neno bodaboda, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiita abiria wa kuvushwa kutoka kizuizi cha nchi moja hadi cha nchi nyingine. Wazee nao wanakumbuka kahawa ya magendo ya miaka ya 1976 na 1977, ambayo ilitajirisha wengine kwa usiku mmoja na kuwaangamiza wengine. Mahali ambapo mali ya watu inalala nje pana wezi. Penye wezi pana walinzi, na walinzi wana mbwa.

Lakini ni nani anayekumbuka kwamba mbwa wale wana mtu wa kuwapikia?

Katika ushirika wetu yuko mzee mmoja ambaye kazi yake ni hiyo. Hatutalitaja jina lake, maana hakupenda litajwe. Anafanya kazi katika yadi moja ya kuegesha malori. Kila asubuhi na mapema huosha mabanda, huchemsha unga wa mahindi kwa omena na mifupa aliyookota buchani, huwakagua mbwa masikioni na katikati ya vidole kutafuta kupe, kisha huwafundisha. Usiku huwapeleka kwa walinzi, mmoja mmoja, naye huzunguka kuona kama mambo ni sawa.

Tena wako wafanyabiashara ambao wakivuka kwenda Kampala humwachia mbwa wao wa nyumbani. Hapo pana jambo la kuchekesha kidogo. Tangu mwaka 2014 Mkenya aweza kuvuka kwenda Uganda kwa kitambulisho chake tu, bila pasipoti. Mbwa wake lakini hatakiwi kuvuka bila cheti cha daktari wa mifugo na cha chanjo. Basi tajiri huenda, na mbwa hubaki kwa yule mzee, siku mbili, pengine wiki.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukitafuta mzee wa kanisa kwa mtaa ule. Jina lake likatajwa. Mmoja wetu akauliza, "Yule wa mbwa?" Watu wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba hata Jumapili, ukikaa naye benchi moja, unasikia harufu. Basi jina likapita, yakatajwa mengine. Hakuna aliyempinga kwa sababu yoyote ya haki, na hakuna aliyemtetea. Sisi tunaosema nanyi sasa tulikuwemo chumbani mle. Tulicheka pamoja na wenzetu, tukaandika jina la mtu mwingine, mwenye duka.

Nabii Isaya, mlango wa 56, mstari wa 10, anawanenea walinzi wa Israeli maneno makali. Anawafananisha na mbwa mabubu walioshindwa kubweka, wanaopenda kulala. Mstari huo tumeuhubiri mara nyingi, na kila mara tulipouhubiri tulikuwa tukiwafikiria viongozi wa makanisa mengine.

Kilichotupeleka kwenye ile yadi si toba. Tuseme kweli: tulikwenda kumwomba mwenye yadi mchango wa mabati ya kanisa. Hatukumkuta. Tukaambiwa tungoje, tukakaa juu ya mbao chini ya mwembe, na pale ndipo tulipomwona mzee wetu akifanya kazi yake.

Alikuwa amepanga vifaa vyake mwenyewe kutokana na takataka za yadi. Ubao mrefu uliegemezwa juu ya pipa, mbwa apande upande huu na kushuka upande ule. Fito mbili zilikuwa za kurukia. Na matairi makuukuu ya trela, kama manane hivi, yalisimamishwa kwa kufuatana na kufungwa kwa waya hata yakawa pango la kupenya. Tulipouliza yana faida gani, alitueleza kwamba usiku mlinzi aweza kumtuma mbwa chini ya lori au katikati ya makontena, mahali pa giza na pembamba, na mbwa asiyezoea atakataa.

Siku ile alikuwa na mbwa mmoja wa rangi ya kahawia, jike, mgeni pale. Aliruka fito vizuri. Alipanda ubao, akatetemeka kidogo, akashuka. Lakini alipofikishwa kwenye matairi alilala chini, mkia tumboni, asitake hata kutazama. Mzee hakuivuta kamba. Alichuchumaa kando yake, akakaa, akakaa tena. Sisi tuliokuwa tukitazama saa zetu tulianza kuchoka. Halafu akafanya jambo ambalo hatukulitazamia. Akavua koti lake, akalala kifudifudi mavumbini, akaingia yeye ndani ya matairi. Mtu wa umri ule! Tuliona nyayo za viatu vyake zikipotea ndani. Akatokea upande wa pili, uso umejaa masizi ya mpira, akamwita mbwa kwa sauti ndogo. Mbwa akainuka, akanusa tairi la kwanza, akarudi nyuma. Mzee akarudi, akaingia tena. Mara ya tatu mbwa alimfuata.

Tukamwuliza, "Mzee, kwa nini hukumvuta tu? Kazi ingekwisha mapema."

Akajibu, "Watumishi, nikimvuta ataingia leo. Kesho usiku nikimtuma peke yake penye giza, hataingia."

Akatueleza habari za yule mbwa. Alikuwa amefungwa mnyororo tangu mdogo katika boma fulani, akapigwa fimbo kila siku na mwenyewe, ambaye alidhani kwamba ndivyo mbwa anavyofanywa mkali. Alivyotuambia mzee, mbwa wa kupigwa hawi mkali, huwa mwoga, na mwoga ndiye anayeuma mtoto na kumkimbia mwizi. Tulinyamaza. Baadhi yetu tuna mbwa nyumbani, na fimbo pia.

Mtume Paulo anawaandikia Wafilipi katika mlango wa 2 jinsi Bwana alivyojishusha akatwaa hali ya mtumwa. Tumelisoma fungu hilo tangu shule ya Jumapili. Tunakiri kwamba siku ile, chini ya mwembe, tulilisikia kwa namna nyingine kidogo, ingawa mzee mwenyewe hakuwa akihubiri. Alikuwa akipangusa masizi.

Msikilizaji, usidhani kazi hiyo ni ya Malaba tu. Katika miji ya Ulaya na Marekani ziko nyumba ambamo mtu humpeleka mbwa wake asubuhi akienda kazini na kumchukua jioni, kama mtoto wa chekechea. Kuna wafanyakazi wa kuwalisha, wa kuwatembeza, na wa kuamua ugomvi. Yako pia mashindano ya kuruka viunzi, kupita juu ya ubao na kupenya kwenye bomba, mambo yaleyale ya mzee wetu. Yalionyeshwa mwaka 1978 huko Uingereza katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts, ili kuwafurahisha watazamaji wakati wa mapumziko, yakaenea duniani. Huko mbwa hukimbia na mwenziwe binadamu hukimbia kando yake akimwonyesha njia kwa mkono na kwa mwili, wala haruhusiwi kumgusa. Sisi twaona ni anasa, na pengine ni anasa. Hata hivyo mtu aliyekabidhiwa kiumbe asiyeweza kusema jioni aliyotendewa mchana amekabidhiwa jambo zito, awe London au awe Malaba.

Karibu nasi zaidi, pale Usa River karibu na Arusha, shirika la uhifadhi liitwalo African Wildlife Foundation lilianza mwaka 2014 kuwafundisha mbwa wa kunusa pamoja na askari wa wanyamapori watakaowaongoza. Mbwa hao hutafuta pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona katika mizigo ya bandarini na viwanja vya ndege. Mbwa hafanyi kazi hiyo kwa kuogopa kiboko. Anaitafuta ile harufu kwa kuwa amefundishwa kwamba akiipata atatupiwa mpira wake acheze. Na yule anayemwongoza lazima ajifunze kutomdanganya. Akisita kidogo mbele ya sanduku fulani, mbwa atamsoma, atakaa chini kumpendeza, na mtu asiye na hatia atafunguliwa mizigo yake. Kwa hiyo siku nyingi za mafunzo ni za kumfundisha binadamu. Penye jua kali wanampumzisha kivulini, kwa maana mbwa anayehema kwa joto hanusi vizuri. Wataalamu wanasema pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100, na yetu kama milioni 5 au 6 tu. Mungu alimpa mnyama huyu kitu ambacho hakutupa sisi, kisha akamfanya apende kukaa nasi.

Sasa ichukue Biblia yako. Mathayo anasema Bwana Yesu alikwenda pande za Tiro na Sidoni. Angalia mahali: ni mpakani, mahali kama petu. Akatoka mama mmoja Mkanaani, mtu wa ng'ambo, binti yake akiteswa vibaya. Wanafunzi wakataka aondoshwe, kwa kuwa alikuwa akiwapigia kelele. Kisha yakasemwa yale maneno magumu juu ya chakula cha watoto na mbwa. Katika Kiyunani neno lililotumika si la mbwa wa kuzurura majiani. Ni la mbwa wadogo, wale wanaoingia nyumbani. Mama yule akalishika neno hilo hapohapo. Akakubali kuwa mbwa wa nyumba, na akadai haki ya mbwa wa nyumba, yaani makombo yaangukayo mezani. Yesu akaisifu imani yake, na binti akapona.

Hatuwezi kusema tumelimaliza fungu hili. Linatutatiza hata leo, na wahubiri wanaolipita mbio mbio tunawaelewa. Lakini tazameni: aliyejua desturi za mbwa chini ya meza ni yule mama, si wanafunzi. Lazima aliwahi kuwatazama.

Tuendelee na habari ya mzee wetu, maana haikwishia kwenye matairi.

Mwaka uliofuata mtoto mmoja wa shule yetu ya Jumapili aliumwa na mbwa mguuni akienda kuchota maji. Mbwa huyo hakuwa wa mtu. Alikuwa akiyumbayumba, mate yanamtoka, akiuma hata miti. Alitoka wapi? Huenda alitoka upande wetu, huenda alivuka kwa njia za panya kutoka ng'ambo. Mbwa hajui mpaka, wala kichaa cha mbwa hakiujui. Tulimkuta mtoto amezungukwa na watu. Huyu analeta pilipili ya kupaka, yule mafuta ya taa, mwingine anasema kidonda kifungwe haraka. Sisi tulianza kuomba.

Mzee alifika na kipande cha sabuni na jerikeni la maji. Akawaondoa wote. Akaosha lile jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, akatuambia tushike saa, akaosha dakika 15 kamili, mtoto akilia na sisi tukisema yatosha. Kisha akasema, "Ombeni mkiwa juu ya pikipiki." Mtoto akapelekwa hospitalini siku ileile, akaanza sindano za chanjo, akarudishwa kila siku iliyopangwa mpaka akazimaliza. Yu hai. Jumapili iliyopita alikuwa akipiga kayamba. Yule mbwa alikufa kabla ya siku mbili kupita.

Msikilizaji, tukueleze wazi, hata kama utayasahau mengine yote ya jioni hii. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza ndani ya mtu, ni nadra mno apone. Lakini kabla hazijaanza kuna njia. Osha jeraha kwa sabuni na maji dakika 15, hata kama ni mkwaruzo mdogo tu, usilifunge, nenda hospitalini siku hiyohiyo, na usikatishe sindano njiani. Inakadiriwa kwamba watu kama 59,000 hufa duniani kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ni wengi mno kati yao. Karibu wote waliumwa na mbwa. Nchini Kenya ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na Serikali ilijiwekea mpango wa kuwaondolea watu mauti hayo ifikapo mwaka 2030. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Baada ya jambo la mtoto tulikwenda kwa mzee, safari hii bila habari za mabati. Tukamweleza yaliyosemwa kikaoni siku ile, na kwamba tulicheka. Tukamwomba msamaha, tukamwomba pia akubali kuwa mzee wa kanisa. Alisikiliza huku akikoroga sufuria. Mwishowe akasema amesamehe zamani, maana habari za kikao kile alizipata jioni ileile, na hapa petu hakuna siri. Lakini uzee wa kanisa haumwezekani, kwa kuwa vikao ni jioni na mbwa hula saa kumi na mbili. "Kama mnataka kunipa kitu," akasema, "nipeni uwanja wa kanisa Jumamosi moja."

Tukampa. Daktari wa mifugo akaja na kisanduku cha barafu. Tulidhani watakuja mbwa kumi. Watoto walianza kufika kabla ya saa mbili, wakiwavuta mbwa kwa kamba za katani, kwa mipira ya baiskeli, kwa mishipi ya baba zao, na mmoja alimbeba wake kwenye karai. Watu wa madhehebu yote walikuja. Jirani zetu Waislamu wawili, wenye mbwa wa kulindia mifugo, walikuja pia, na mzee alikuwa amewatengea maji na sabuni pembeni, kwa kuwa anazijua sheria zao za tohara. Yeye alipiga magoti mavumbini, akimshika kila mbwa kwa mkono mmoja shingoni na mwingine tumboni, akimnong'oneza. Hakuna aliyeumwa siku ile. Sisi tuliandika kadi.

Ilipokaribia adhuhuri dawa ilikuwa ikienda kwisha. Akaingia mama mmoja, miguu imelowa hadi magotini, na mbwa mweusi mwenye makovu. Tulimjua kwa usemi wake kwamba ametoka ng'ambo ya mto, upande wa Uganda. Mmoja wetu aliyekuwa na daftari akasimama, akaanza kumwuliza kijiji chake na chifu wake, na kama anajua kwamba dawa hii imetolewa kwa watu wa huku.

Mama hakujibu. Alikuwa akitazama nyuma ya mwenzetu. Nasi tukageuka, tukaona kwamba mzee amekwisha kuipokea kamba, yuko magotini, na daktari anavuta dawa kwenye sindano. Mwenzetu akaketi, akachukua kadi mpya, akaandika: jike, mweusi, wa nyumbani.

Usiku mwema, msikilizaji.